Muhuri Mkononi mwa Mchezaji: Fani na Maudhui katika Michezo Midogo ya Kompyuta

Katika lugha yetu neno mchezo limebeba mizigo miwili isiyolingana uzito. Tukimwambia mtu "acha mchezo", tunakusudia kwamba jambo lililo mbele yake ni zito naye analifanyia upuuzi. Lakini tukisema mchezo wa bao, au mchezo wa kuigiza, tunakusudia kazi ya akili yenye kanuni zake, wajuzi wake na heshima yake. Wazee wanaoinamia mashimo 32 na kete 64 barazani hakuna awaitaye wapuuzi, na tamthilia imekwisha kupata kiti chake darasani. Michezo ya kompyuta, kwa kuwa imefika nyuma ya yote hiyo, imetupwa moja kwa moja katika fungu la upuuzi. Nakusudia katika makala haya kuitoa michache katika fungu hilo na kuihakiki kama tunavyohakiki riwaya au utenzi, yaani kwa kuuliza imeundwaje, inasema nini, na je, namna ilivyoundwa inalisaidia au inaliharibu lile inalolisema.

Sina budi kukiri mapema kwamba mimi nami nilikuwa miongoni mwa walioitupa huko. Kwa mtu aliyeanza kazi ya ukarani masijala akiwa na cheti cha kidato cha nne, na ambaye mashairi yake aliyatunga usiku baada ya majalada ya serikali kufungwa, kompyuta ni chombo cha kuandikia barua, na mchezo ndani yake ni wizi wa saa za mwajiri. Niliyoyaona kwa vijana wa mtaani yalinithibitishia hivyo: bunduki, magari yanayogongana, na kandanda ya Ulaya. Kisha jioni moja binti yangu, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, aliniita mezani, akafungua kompyuta mpakato yake, akanionyesha kijinyama cheupe mithili ya kondoo, kimesimama katikati ya maneno. Akaniambia, "Baba ni wewe." Nikamwuliza ni adabu gani hiyo ya kumfananisha mzazi na kondoo. Akacheka hata machozi yakamtoka, akasema, "Siyo hivyo, Baba. Ndilo jina la mchezo."

Mchezo huo, Baba Is You, ulitungwa na Mfini aitwaye Arvi Teikari. Ulianza mwaka 2017 katika mashindano ya kutunga michezo kwa muda mfupi, ukatolewa kamili mwezi Machi 2019. Uwanjani mna vitu vya kawaida: ukuta, jiwe, bendera, maji. Pamoja na vitu hivyo yametandazwa maneno, kila neno katika kipande chake cha mraba, na maneno hayo yakipangana mstari mmoja huwa ndiyo sheria ya ulimwengu ule. Yameandikwa kwa Kiingereza, nami hapa nayafasiri. Yakisomeka BABA NI WEWE, basi yule mnyama ndiye unayemwendesha. Yakisomeka UKUTA NI KIZUIZI, ukuta haupitiki. Yakisomeka BENDERA NI USHINDI, ukiigusa bendera umeshinda. Lakini maneno yenyewe yanasukumika kama jiwe. Ukilisukuma neno moja likatoka mstarini, sentensi imevunjika na sheria imekufa; ukuta uliokuzuia unabaki picha tu, nawe wapita ndani yake kama moshi. Ukilipeleka neno JIWE mahali pa neno BABA, mara wewe si mnyama tena. Wewe ni mawe yote yaliyomo uwanjani, nayo yanakwenda pamoja kwa amri yako. Na ukiivunja kwa bahati mbaya ile sentensi inayosema wewe ni nani, basi hakuna wewe, na huna la kufanya ila kurudisha nyuma hatua zako.

Mtu aliyezoea kutunga kwa vina na mizani huihisi mara moja ladha ya jambo hili. Mara ngapi nimelihamisha neno moja ili kina kikae, nikainua macho nikakuta ubeti mzima umebadili maana, na aliyekuwa mtenda amekuwa mtendwa! Mchezo wa Teikari ni taabu hiyo hiyo iliyopewa mwili. Wala hauna hadithi, hauna mhusika mwenye tabia, hauna mandhari ya kusifiwa. Una sarufi tu, na sarufi hiyo inatosha.

Kwa siku kadhaa nilijaribu kuutafsiri kichwani, na jaribio hilo nawaachia walimu wa Kiswahili kama zawadi. Kiungo "ni" hakinipi taabu, kwa sababu hakijali ngeli. Taabu huanza pale sheria inapotaka kitenzi. Mwingereza neno lake moja la kusukuma humtosha kwa kila kitu. Kwetu sisi jiwe linasukumika, ukuta unasukumika, kiti kinasukumika, bendera inasukumika. Hivyo mtunzi wa Kiswahili angelazimika kuvikata vipande vya li-, u-, ki- na i- mbali, navyo visukumwe peke yake, na mchezaji asiyezingatia upatanisho angeliona jiwe halitii amri yake. Hebu mwalimu avikate vipande hivyo vya karatasi, avitandaze juu ya dawati, bila kompyuta wala umeme, aone kama darasa litasinzia.

Michezo ya aina hii huitwa michezo huru, kwa maana kwamba mtunzi wake, aghalabu mtu mmoja au wachache, hakuagizwa na kampuni kubwa. Uhuru huo usitiwe chumvi nyingi. Mtunzi huru naye hula, hulipa kodi ya nyumba, huugua. Ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, waliutoa mchezo wao wa Dwarf Fortress bure mwaka 2006, nao kwa miaka mingi waliishi kwa michango ya hiari ya wachezaji, hata Desemba 2022 walipotoa toleo la kuuzwa. Wapo waliotajirika: Minecraft, ulioanzwa na Markus Persson wa Sweden, uliuzwa kwa Microsoft mwaka 2014 pamoja na kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Wengi zaidi hawakupata hata nauli.

Kuipata ni kazi peke yake. Mingi haitangazwi popote. Huwekwa katika maduka ya mtandaoni kama Steam, au itch.io lililofunguliwa mwaka 2013, ambako mtunzi hujipangia bei mwenyewe na mara nyingi bei yake ni sifuri. Kisha huenea kama yalivyoenea mashairi kabla ya magazeti, mtu akimnong'oneza mwenzake. Binti yangu anayo daftari aliloandikia majina, mengine kwa wino, mengine kwa penseli, maana yake bado hajayaamini. Msomaji asidhani kwamba udogo ni ubora. Katika kumi niliyoifungua, saba niliifunga kabla chai yangu haijapoa, kwa kuwa ilikuwa vituko bila fikra, na kituko bila fikra huchosha kuliko ukawaida. Lakini mitatu iliyosalia imenikalisha macho usiku, na mmoja wao umenitia kuhojiana na nafsi yangu. Huo ndio hasa nitakaouzungumzia.

Kabla yake nitaje mfano mmoja mfupi wa kulisafisha hoja. Mwaka 2007 Jason Rohrer, Mmarekani, alitoa mchezo wa dakika tano tu uitwao Passage. Skrini yake ni ukanda mwembamba, nukta 100 kwa 16. Kijana yuko mkono wa kushoto, na mkono wa kulia mambo yamefifia kama ukungu wa asubuhi. Mbele kidogo yuko mwanamke. Ukimgusa, mnakuwa wawili mpaka mwisho, lakini wawili hawapiti katika vichochoro vyembamba ambamo masanduku ya hazina yamefichwa. Usipomgusa, utapita popote, peke yako. Kadiri unavyokwenda nywele zinakuwa mvi, mwendo unalegea, na ukungu uliokuwa mbele sasa uko nyuma, juu ya mlikotoka. Mwenzako hufa kwanza, akawa kaburi dogo. Nawe baada yake. Hapana neno hata moja linaloeleza maana ya haya. Mwaka 2012 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York liliuweka katika hazina yake pamoja na michezo mingine kumi na mitatu. Sisemi kwamba jumba hilo ndilo hakimu wetu. Nasema tuangalie maana ya mchezo ule imekaa wapi. Haimo katika picha, ambazo ni hafifu, wala katika maneno, ambayo hayapo. Imo katika kanuni moja: wawili hawapiti kichochoroni. Huyo ndiye msemaji.

Wanafunzi wetu wamefundishwa kutenganisha fani na maudhui, wakaandika aya ya fani, wakaruka mstari, wakaandika aya ya maudhui, kana kwamba mtunzi alipika wali katika sufuria moja na mchuzi katika nyingine. Katika michezo ninayoisema mgawanyo huo haufanyiki hata kwa nguvu. Kanuni ndiyo fani, kwa kuwa ndiyo umbo la kazi. Na kanuni hiyo hiyo ndiyo maudhui, kwa kuwa ndiyo inayosema. Na tofauti yake na kitabu ni hii, kwamba kanuni haisemi mpaka mkono wa mchezaji uitekeleze. Katika riwaya karani mkatili hufanya ukatili nami namwona. Katika mchezo hapana ukatili mpaka niufanye.

Hapo ndipo tunapofika kwa Papers, Please. Mtunzi wake ni Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani. Aliwahi kufanya kazi katika kampuni kubwa ya michezo, akaiacha. Na wazo la mchezo huu lilimjia katika safari zake, aliposimama mara kwa mara mbele ya maafisa wa uhamiaji, akawatazama namna wanavyozikagua karatasi. Kazi ilitolewa Agosti 2013, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo kuu katika tamasha la michezo huru huko Marekani. Haihitaji kompyuta ya nguvu, na picha zake ni za kijivu na kahawia, kama ofisi iliyokosa rangi tangu ijengwe.

Mwaka ni 1982, nchi ni Arstotzka, ambayo haimo katika ramani yoyote. Vita vya miaka sita na jirani vimekwisha, mpaka umefunguliwa, na wewe umechaguliwa kwa bahati nasibu ya kazi kuwa mkaguzi wa pasipoti. Umekaa katika kibanda. Nje kuna foleni isiyokwisha. Unamwita msafiri kwa kipaza sauti, anaingia, anaweka karatasi zake juu ya meza, nawe unalinganisha: sura na picha, jina na jina, tarehe na tarehe, mji uliotoa pasipoti na orodha ya miji iliyomo kitabuni. Muhuri wa kijani hupitisha, muhuri mwekundu hukataza. Siku ya kwanza kanuni ni moja tu, kwamba raia wapite na wageni wasipite. Siku zinazofuata kanuni huongezeka kila asubuhi: tiketi, kibali cha kuingia, kitambulisho, kibali cha kazi, cheti cha chanjo. Meza haiongezeki. Ndiyo ile ile ndogo, na karatasi zinalaliana hata hujui ipi iko chini ya ipi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa masijala atalitambua kwa mwili wake, kabla hajalitambua kwa akili, jambo hilo la meza ndogo na waraka mpya.

Hulipwi mshahara wa mwezi. Hulipwa fedha 5 za nchi hiyo kwa kila msafiri uliyemhudumia sawasawa, na saa inakwenda. Jioni huletewa hesabu: kodi ya nyumba, chakula, kuni za joto, na nyumbani wapo mke, mwana, mama mkwe na mjomba. Fedha ikipungua utachagua wale au waote moto. Akiugua mmoja kuna dawa ya kununua. Asiponunuliwa, jina lake siku moja halitakuwapo katika hesabu.

Sasa msomaji aitazame kanuni moja ndogo ambayo wengi huipita. Ukikosea, kwa kumpitisha asiyestahili au kumkataza anayestahili, mashine hutoa kikaratasi cha onyo papo hapo. Makosa mawili ya kwanza ya siku ni onyo tu. Kuanzia la tatu mshahara hukatwa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kila asubuhi umekabidhiwa huruma mbili za bure. Siku moja huja mwanamume, karatasi zake safi kabisa, naye akipita anakuomba umtendee wema mkewe aliye nyuma yake. Mke anaingia. Hana kibali cha kuingia. Anasema akirudishwa kwao atauawa. Hapo mchezaji hupeleka jicho si kwa mwanamke, bali katika hesabu yake: je, huruma zangu za leo bado ziko? Kama alikwisha kukosea mara mbili tangu asubuhi kwa uzembe wa tarehe, basi uhai wa mwanamke huyo sasa una bei, na bei hiyo ni mkate wa mwanawe. Hapana hotuba. Hapana msimulizi anayekuambia kwamba urasimu humgeuza mtu kuwa tarakimu. Wewe mwenyewe umekwisha kumgeuza, na umejiona ukimgeuza.

Siku nyingine mambo hugeuka kinyume. Mwanamke anakuonya juu ya mwanamume aliye katika foleni, kwamba amewaahidi kazi yeye na nduguye na atawanyang'anya pasipoti na kuwafanyisha ufuska kwa nguvu. Mwanamume huyo anafika, nawe unazigeuza karatasi zake mbele na nyuma ukitafuta kosa, unaomba kwa Mungu liwepo kosa, na kosa hakuna. Nimesoma tamthilia nyingi zinazosema kwamba sheria si haki. Sijapata kuona nyingine iliyonifanya nitamani kughushi.

Hapa niwie radhi nitoke kidogo katika mchezo. Mwaka 1998, katika ofisi nisiyoitaja, alifika dirishani kwangu mama mmoja mjane aliyekuwa akifuatilia mafao ya marehemu mumewe. Alikuwa na cheti cha ndoa, cheti cha kifo, na barua ya mahakama ya kusimamia mirathi, vyote amevifunga katika kitambaa. Jina la marehemu katika cheti cha kifo lilizidi herufi moja kuliko lile la jalada. Nilimwambia akalete kiapo cha majina. Akasema ametoka mbali na barabara ya kwao imekatwa na mvua. Nikarudia kauli yangu kwa adabu, tena kwa Kiswahili kizuri, nikamwita aliyefuata. Katika miaka yote niliyokaa dirishani pale hakurudi. Kwa kanuni sikukosea hata nukta. Binti yangu aliponiwekea mbele ile pasipoti yenye jina lililotofautiana na kibali, nami nikaona kidole changu kinakwenda kwenye muhuri mwekundu kabla sijausoma uso wa mwenye pasipoti, niliiacha kompyuta ikiwaka nikatoka uani.

Ndipo nilipoanza pia kuuona upungufu wa mtunzi, maana uhakiki usioona upungufu ni sifa za harusini. Pope amempa karani wake sababu: njaa. Kila uovu wa kibandani, katika mpango wake, unasukumwa na kodi na kuni. Mlinzi mmoja hukushawishi uwakamate watu wengi zaidi, kwa kuwa hulipwa kwa kila aliyekamatwa naye atakugawia. Hata hapo ni fedha. Lakini mimi mshahara wangu ulikuwa ule ule, mjane ahudumiwe au asihudumiwe. Mwanangu hakulala njaa kwa ajili ya herufi moja. Nilimrudisha kwa sababu ya mazoea, na, tuseme kweli, kwa sababu ya utamu mdogo wa kuwa mtu anayeliona kosa. Ukatili wa madirishani ulio mwingi zaidi duniani hauna njaa nyuma yake. Mtunzi kwa kumhurumia karani amempunguzia hatia.

Niliwahi kuliandika lawama hilo kwa ukali zaidi, kisha nikalipunguza, kwa kuwa nilipocheza mara ya pili niligundua kwamba utamu ule nao umo, ila umefichwa katika sauti. Muhuri unapogonga karatasi una mlio mzito, wenye kuridhisha. Ukizioanisha taarifa mbili zinazopingana, zinaunganishwa kwa mstari, na unajisikia hodari. Kufika siku ya kumi nilikuwa nafurahia kuyapata makosa. Hakuna aliyeniambia nifurahi. Basi mtunzi alilijua jambo lenyewe, lakini alilitia katika mlio wa muhuri, akaiachia njaa iseme mbele ya watu.

Lawama nyingine naishikilia. Katika foleni ile wamo wenye mabomu. Siku baada ya siku mpaka hushambuliwa, na kila shambulio huzaa kanuni mpya ya upekuzi. Kwa kuwa mashambulio ni ya kweli ndani ya hadithi, kanuni zinapata hoja ya kusimamia, na mchezaji hushawishika kwamba upekuzi, ingawa unaudhi, una sababu. Aidha, majina ya nchi zile na kofia za maafisa wale vinamfanya msomaji wa Ulaya na Marekani adhani habari hizi ni za Ulaya ya Mashariki ya zamani, zimekwisha. Mwafrika aliyewahi kupanga foleni ya viza kwenye ubalozi wa nchi tajiri, ameshika barua ya benki, barua ya mwajiri na hati ya nyumba, hatadhani hivyo. Yeye ataujua upande wa pili wa kioo. Na huo upande wa pili mchezo haumpi mtu nafasi ya kuukalia: msafiri ni wa kuja na kuondoka, wengine wa kuchekesha, kama yule mzee Jorji anayefika na pasipoti ya nchi isiyokuwapo, aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe. Nampenda Jorji kama kila mchezaji ampendavyo. Lakini nimejiuliza mchezo ungekuwaje kama angekuwa yeye ndiye anayechezwa.

Labda Pope naye alijiuliza jambo la namna hiyo, kwani kazi yake iliyofuata, Return of the Obra Dinn ya mwaka 2018, inamrudisha mtu wa ofisi kwa sura nyingine. Jahazi la kampuni ya biashara limerudi bandarini Uingereza mwaka 1807 bila mtu hai, nawe umetumwa na kampuni kuandika katika daftari nini kiliwapata watu 60 waliokuwamo. Huna mamlaka ya kumzuia yeyote, wote wamekwisha kufa au kupotea. Unatazama nambari za vitanda vya kamba, lafudhi, mavazi, nani anasimama karibu na nani, mpaka baharia asiyekuwa na jina apate jina lake. Karatasi ile ile iliyomkataza mtu mpakani, hapa ndiyo inayomwokoa asisahauliwe. Naipenda sana kazi hii, ingawa haikunikata kama ile ya kwanza. Kuandika majina ya marehemu kwa usahihi ni kazi niliyoiweza siku zote.

Walimu wataniuliza haya yote yanahusu nini utamaduni wetu, maana michezo niliyoitaja ni ya Mfini na Wamarekani. Tamthilia za kigeni tulizisoma na kuzitafsiri, tukajifunza namna zilivyoundwa, kisha tukatunga zetu. Chombo kiitwacho Twine, alichokitunga Chris Klimas mwaka 2009, hutolewa bure, nacho humwezesha mwanafunzi kuandika hadithi yenye njia panda, msomaji akichagua aende wapi, bila kujua lugha ya kompyuta, na kwa Kiswahili chochote atakacho. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiniandikia kwa chombo hicho habari ya siku moja ya mama anayefuatilia mafao, dirisha baada ya dirisha, nauli ikipungua kila anapoambiwa arudi kesho, nitaihakiki kwa makini ile ile niliyomhakiki nayo Pope. Nitamwuliza kwanza kanuni yake ni ipi: nauli inapungua kiasi gani, na ni nani mwenye huruma mbili za bure.

Binti yangu amerudi chuoni na kompyuta yake. Mchezo aliuweka katika ile kompyuta ya zamani ya nyumbani, nami huufungua baadhi ya Jumapili. Una miisho 20, na mimi nimeona minne. Mara ya tatu nilipofika kwa yule mwanamke asiyekuwa na kibali, nilikuwa nimekwisha kukosea mara mbili, na mjomba alikuwa mgonjwa. Niliivuta pasipoti yake chini ya muhuri wa kijani. Mashine ikatoa kikaratasi chake. Nikakiacha hapo mezani juu ya karatasi nyingine, nikabonyeza kipaza sauti kumwita anayefuata.